Mwalimu wa Benchi la Nyuma

Alikuwa na desturi ya kufika kanisani kabla ya mwenye ufunguo. Ukipita pale kwetu Matinyani Jumapili asubuhi, ungemwona amesimama mlangoni, kiondo begani na mgongo umenyooka, akiitazama njia kwa uso wa mtu anayeona kwamba sisi wote tumechelewa. Na kwa saa yake tulikuwa tumechelewa kweli. Mlango ukifunguliwa aliingia wa kwanza, akafuta vumbi kwenye benchi la mwisho kabisa upande wa wanawake, akaketi. Benchi hilo, na lile la mkabala upande wa wanaume, yalikuwa ya watu waliotengwa na meza ya Bwana: waliozaa nje ya ndoa, walioonekana wamelewa siku ya soko kule Tulia, walioongeza mke wa pili. Kwa kawaida mtu alikaa pale miezi sita, akasimama akatubu mbele ya watu, kisha akarudi kuketi na wenzake. Yeye alikaa pale karibu miaka ishirini.

Jina lake sitalitaja. Kwetu alikuwa Mwalimu tu, kwa sababu alifundisha darasa la ubatizo tangu kanisa lilipokuwa la nyasi, na nusu ya watu waliokaa mabenchi ya mbele walipita mikononi mwake kabla ya kubatizwa. Mimi ni mmoja wao. Baadaye nikawa karani wa baraza la wazee lililomweka nyuma, kwa hiyo ninayoyasema nayajua kwa pande zote mbili. Yeye alitaka kitu kimoja: aupokee tena mkate na kikombe pamoja na wenzake kabla hajafa. Baraza nalo lilimtaka afanye jambo moja kwanza, na jambo hilo hakulifanya.

Darasa lake lilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye baraza ya nyumba yake, na huwezi kulielewa bila kuzungumzia mbaazi. Hakuamini kwamba mtu anaweza kukaa na mikono mitupu akajifunza neno la Mungu. Ukifika alikumiminia mbele yako lundo la mbaazi zenye maganda, ukaanza kuambua huku ukitaja amri moja baada ya nyingine. Ukisahau amri, mikono haikuruhusiwa kusimama. Alisema akili ya mtu ikitoroka, mikono ikifanya kazi angalau itabaki na kitu cha kupika. Mbaazi zenyewe zilikuwa zake, na wazazi wengine walinung'unika kwamba anatumia watoto wao bure. Hakujitetea. Jioni aligawa kila mtu kikombe kimoja apeleke kwao, na manung'uniko yakaisha kwa wale waliokuwa na njaa.

Tabia njema aliifundisha kwa mambo madogo ya mtoni. Wakati wa kiangazi maji yetu yalikuwa chini ya mchanga, mnachimba shimo, mnangoja yajae, mnachota kwa kibuyu. Aliyechota mwisho alitakiwa kuziba shimo kwa miiba ili punda na mbuzi wasilichafue. Mwalimu alikuwa akipita pale asubuhi na mapema kuangalia, na Jumamosi alituuliza nani alichota mwisho Jumatano. Hakuna aliyethubutu kudanganya, kwa sababu mara nyingi alikuwa anajua. Kulikuwa na mhubiri mmoja wa kujitolea, mtu wa sauti kubwa, aliyesimama sokoni kuwaeleza watu siku aliyookoka. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole kwamba ushuhuda ni mzuri, ila yeye angependa kusikia na upande wa punda wake. Watu walicheka, maana wote walimjua yule punda na vidonda vyake. Yule bwana hakumsalimia Mwalimu kwa mwaka mzima, lakini punda alipona.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu niliyajua majibu yote. Nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu hayakunisaidia. Siku ya kuhojiwa kabla ya ubatizo wazee waliniuliza maswali, nikajibu yote, na mmoja akaniuliza kama nimeanza kushuhudia nyumbani. Nikasema ndiyo. Nikaeleza kwa fahari kwamba baba yangu alikuwa amekunywa kaluvu, ile pombe ya miwa, nami nikamwambia mbele ya wageni wake kwamba atachomwa moto. Wazee waliitikia kwa kichwa. Mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni akiambua mbaazi zake, aliuliza baba alisema nini. Nikasema hakusema kitu, aliinamisha kichwa tu.

"Huyu asibatizwe mwaka huu," akasema. "Aende aombe baba yake msamaha kwanza."

Nililia njia nzima. Mama yangu alitaka kwenda kumgombeza, lakini baba akamzuia. Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri, na nilipomwomba msamaha alikuwa anatengeneza kigoda na hakuinua macho. Alisema tu kwamba huyo mama wenu wa kanisa ana akili, kisha akanipa kigoda nikishike apige msumari. Hakuacha kaluvu hata siku moja ya maisha yake. Lakini kuanzia hapo akikutana na Mwalimu njiani alivua kofia, na chifu mwenyewe hakuwahi kuvuliwa kofia na baba yangu.

Mambo ya nyumba za watu aliyajua kuliko waliokuwa na nyumba zilizojaa. Wanaume wetu wengi walifanya kazi Mombasa na Nairobi, wakija mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka. Aliwafundisha mabibi harusi na mabwana harusi pamoja, jambo ambalo wengine waliliona ni aibu, na kwa wanaume alikuwa na somo moja alilolirudia: ukifika nyumbani, usiende zizini kuangalia mbuzi kabla hujamsalimia mke wako. Alisema mbuzi hawajui ulikuwa safarini. Kwa wanawake alisema mume akirudi asipokewe kwa orodha ya shida. Angalau anywe chai kwanza, shida hazitaoza kwa nusu saa. Yeye mwenyewe mumewe alikuwa wa reli, akafia hukohuko pwani wakiwa bado vijana, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Hapo ndipo watu wenye ulimi mrefu walipopata la kusema. Walisema anafundisha watu kulea watoto na hajawahi kupangusa kamasi. Alilisikia hilo. Nilimwona akilisikia, siku moja kwenye foleni ya mtoni, na alichofanya ni kusogeza mtungi wake mbele.

Sasa nizungumzie ukali wake, maana bila huo habari hii ingekuwa nyingine.

Kabla ya Jumapili ya meza ya Bwana, baraza lilikutana Ijumaa, na Mwalimu alikuwa mwanamke pekee aliyeketi nasi. Ilikuwa desturi kila mmoja aulizwe kama anajua kosa la mshirika yeyote. Wengi wetu tulijua mengi, ila siku hiyo mafua yalikuwa yametukausha sauti. Yeye alisema. Hakusema uvumi; kama hakuliona kwa macho yake alinyamaza. Na hakujiacha mwenyewe. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali alisimama akajishtaki kwamba alimnyima wifi yake maji, akakaa nje ya meza miezi mitatu wakati hakuna hata mtu aliyejua. Mchungaji wa wakati huo alimwambia kosa lenyewe ni dogo. Mwalimu akamjibu kwamba wifi yake hakuwa na kiu ndogo. Tulimheshimu kwa hilo, na nadhani tulimwogopa pia.

Katika darasa lake kulikuwa na msichana aliyeitwa Kalekye. Alibatizwa vizuri, aliimba kwaya, na baba yake alikuwa shemasi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Kalekye akiwa na miaka kumi na saba hivi, Mwalimu alimwona mtoni akiinua debe la maji. Alimwona tu jinsi alivyoinama na jinsi alivyojishika kiuno, akajua ana mimba. Ijumaa ilipofika alisema. Nilikuwa nimeanza ukarani mwaka huo, na jina la Kalekye nililiandika kwa mkono wangu. Jumapili yake msichana alisimamishwa mbele ya watu wote, jina likasomwa, akaambiwa aende benchi la nyuma. Hakuulizwa mwenye mimba, naye hakusema. Alitembea kutoka kwenye kwaya mpaka mlangoni, na pale kwenye benchi hakuketi, alitoka nje moja kwa moja.

Tulifikiri mambo yameishia hapo. Kwetu kutengwa kulikuwa dawa chungu inayonywewa kwa muda. Lakini shemasi alikuwa na cheo cha kulinda, akamwambia binti yake asimwone tena nyumbani. Kalekye akaenda kwa shangazi yake kule Kikima, juu Mbooni, na kwa miezi hatukumsikia.

Mwalimu alitoweka siku mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa amepanda basi kwenda Kikima. Shangazi alikuwa amechoka na mzigo, na Kalekye alikuwa akichota maji na kubeba kuni za hoteli moja pale sokoni, mtoto mchanga mgongoni, akilala jikoni kwa watu. Mwalimu alirudi naye. Waliteremka kwenye basi mchana, watu wakiona, Mwalimu akiwa amembeba mtoto na Kalekye akitembea nyuma yake.

Kama angeishia hapo tungemsifu. Mjane mwenye huruma amemchukua msichana wa kumsaidia kazi. Mchungaji angeweza hata kulihubiri. Lakini wiki ile ile Mwalimu alitoa mbuzi zizini mwake akazipeleka kwa shemasi, mbuzi za ntheo.

Msomaji wa mbali aelezwe kidogo. Kwetu Ukambani ndoa haijawa ndoa mpaka mbuzi za ntheo zimefika kwa baba ya msichana. Bila hizo, hata mkiishi pamoja miaka thelathini, watoto ni wa kwa babu yao mzaa mama. Na kuna desturi ya zamani kwamba mwanamke asiye na mtoto anaweza kumtolea mwanamke mwingine ntheo, akamwoa awe mke wa boma lake, kama mke wa mwana ambaye hakumzaa. Mke huyo huitwa iweto. Watoto wake wote wanakuwa watoto wa boma lile, wanarithi shamba, wanapewa majina ya ukoo ule, wanazikwa pale. Watazaliwa vipi na baba yao ni nani, desturi haiulizi. Kanisa ndilo linalouliza.

Shemasi alizipokea mbuzi usiku uleule, na deni la aibu yake likaisha, maana binti aliyeolewa si binti aliyefukuzwa. Alizipokea haraka sana kwa mtu aliyekuwa anapinga desturi za kale. Kisha alikuja barazani Ijumaa, akaketi nasi, na wala hakutazama upande wa Mwalimu tulipoanza kumhoji.

Walimhoji kwa heshima. Mwenyekiti alimwambia hakuna anayekataa akae na msichana. Akae naye kama mfanyakazi, au kama mtoto wa kulea, lakini arudishiwe mbuzi zake ili isiwe ndoa.

"Mfanyakazi hufukuzwa," Mwalimu akasema.

Akaulizwa kwa nini basi anafanya jambo ambalo yeye mwenyewe amewafundisha watu miaka yote kwamba limepitwa na wakati. Alisema hataki boma la mume wake lifungwe. Akaulizwa kuhusu watoto wengine, kama Kalekye atazaa tena akiwa pale bila mume, na amri ya saba itakuwa imeenda wapi. Mwalimu alisema hilo hana jibu. Alisema pia kwamba anajua adhabu yake, na Jumapili iliyofuata, kabla jina lake halijasomwa, alikuwa tayari kwenye benchi la nyuma.

Kwa hiyo kila mtu akajua sababu: mama tasa ametaka watoto. Wanaume walilizungumza sokoni kwa kucheka kidogo, wanawake walilizungumza kwa sauti ya chini zaidi, na sidhani kama walilicheka. Mimi pia niliamini hivyo. Lilikuwa jambo rahisi kuaminika.

Kalekye alizaa wengine wawili pale, na kila mimba ilikuwa pigo jipya kwa Mwalimu, kwa sababu baraza lilizidi kuwa gumu. Mzee mmoja alimuuliza wazi kabisa hao watoto ni wa nani. Alijibu ni wake, akamkaribisha chai. Mtoto wa kwanza, mvulana, alipewa jina la marehemu wa reli kama desturi inavyotaka. Wote watatu walimwita Mwalimu susu, yaani nyanya, na Kalekye alimwita Mwaitu, mama yangu. Wakaambua mbaazi baada ya shule, wakataja amri zote kumi pamoja na ya saba, wakaingia kwaya. Watoto hawakutengwa. Waliimba mbele, na nyanya yao akawasikiliza kutoka nyuma.

Kama mlezi hakuwa mpole. Wajukuu wale walichapwa kwa kuacha shimo la maji wazi, na mmoja aliwahi kulala na njaa kwa kumcheka mlevi. Lakini Kalekye hakuwahi kusemeshwa kwa ukali mbele ya mtu. Kitu hiki nilikiona mwenyewe kwa miaka na sikukipa maana. Chakula kikiwa kidogo Kalekye alipakuliwa kwanza. Kwenye nyumba zetu mke wa mtoto hupakua, hapakuliwi. Nilidhani ni uzee unamlainisha.

Darasa la ubatizo alinyang'anywa, bila shaka. Akapewa kijana aliyesomea chuo cha Biblia, mwenye madaftari mazuri na kalamu tatu mfukoni. Baada ya mwezi mmoja kijana alionekana Alhamisi akipita njia ya nyuma, ile ya kwenye mikonge, kwenda kwa Mwalimu kuuliza maswali yaliyomshinda. Kila mtu alijua, pamoja na mchungaji. Mwalimu alimjibu, akampa na mbaazi. Hakuwahi kuhamia kanisa lingine, ingawa yalifunguliwa mengi miaka ile na mengine yangempokea kwa ngoma. Alipoulizwa, alisema mtu hahami nyumbani kwa sababu amegombezwa.

Jumapili za meza ya Bwana ndizo zilizokuwa ngumu kuziangalia. Waliotengwa waliruhusiwa kutoka nje kabla ya mkate, na wengi walitoka, wakakaa kwenye mawe wakipiga hadithi. Yeye hakutoka. Sinia ilipopita alisogeza magoti mzee apate nafasi. Mara nyingi mzee mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa nimebeba vile vikombe vidogo vya juisi nyekundu, na ilibidi nipite mbele yake kufika kwa mama mmoja kiwete aliyekaa ukutani. Sikumtazama usoni. Niliangalia magoti, jinsi yalivyosogea, na miaka ilivyoenda nikaona yanasogea kwa shida zaidi.

Miguu ilimkataa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa ugonjwa wa sukari. Kalekye alimsindikiza mpaka langoni kwa muda, akimbebea kiondo, kisha akarudi nyumbani, maana yeye tangu siku ile hakuingia tena kanisani. Halafu hata langoni hakufika. Benchi la nyuma likakaa bila mtu wa kulifuta.

Wakati huo tulikuwa na mchungaji mpya, kijana, mtu wa huruma. Alishangaa kusikia habari hii. Akaliambia baraza kwamba haifai mama huyu afe bila meza ya Bwana, na tukakubaliana jambo ambalo kwetu lilikuwa kubwa: asiambiwe tena arudishiwe mbuzi na kuivunja ndoa ile. Atoe tu neno la toba. Tuliandika sentensi moja fupi, kwamba anajuta kwa kuoa mwanamke kinyume cha mafundisho ya kanisa. Akiisema mbele ya mzee mmoja, apewe mkate palepale kitandani. Nikatumwa mimi. Nilifurahi kutumwa. Niliona baada ya miaka yote hiyo hatimaye nampelekea kitu.

Nilifika saa nne asubuhi. Mwalimu alikuwa nje juani, kwenye kiti cha kamba, amefunikwa shuka miguuni. Kalekye alikuwa amechuchumaa akimpaka mafuta nyayo. Alikuwa mama mtu mzima sasa, mvi zimeanza. Tukasalimiana, tukauliza habari za mvua ambayo haikuwepo. Nikatoa mkoba, nikaweka juu ya stuli kopo lenye mkate na chupa ndogo, nikavifunika kwa kitambaa cheupe. Mwalimu aliviangalia kwa muda mrefu. Sijawahi kuona mtu akiangalia chakula hivyo, na mimi nimeona miaka ya njaa.

"Mumesema niseme nini?" akauliza.

Nikamsomea. Akataka karatasi aisome mwenyewe, akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akanirudishia.

Kalekye hakuwa ameacha kupaka mafuta. "Mwaitu, sema tu," akasema bila kuinua kichwa. "Sema ukule. Mimi sitasikia vibaya."

"Utasikia. Hata ukiwa jikoni utasikia."

"Nimezoea."

"Na watoto? Nikisema najuta kukuoa, hao watoto wametoka wapi?" Akanigeukia mimi. "Kalamu uko nayo?"

Nikasema ninayo.

"Basi andika yangu. Kuna kitu najuta, na si hiyo mko nayo kwa karatasi. Huyu nilimwona mtoni na debe. Singeenda kwa wazee kwanza. Ningeenda kwa yeye. Ningemuuliza, umekula? Lakini nilienda nikasema, kwa sababu nilikuwa najua kusema, na akafukuzwa kama mbwa, akazalia jikoni ya watu. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nimeiomba Mungu msamaha kila siku. Andika hiyo."

Mkono wa Kalekye ulikuwa umesimama juu ya unyayo wa Mwalimu.

Mimi sikuandika. Nataka niseme wazi nilichofanya, kwa sababu nimekipamba mara nyingi nikijisimulia. Nilimwambia hayo aliyoyasema hayakuwa kosa. Kusema barazani ndiyo ilikuwa kazi yake, na kanisa halikuwahi kumshtaki kwa hilo. Kosa lililoko kitabuni ni ndoa. Nikamwambia nimetumwa na sentensi hii, siwezi kubadilisha sentensi ya baraza.

"Kwa hiyo hautanipatia," akasema.

"Siwezi, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika, na ningependelea akasirike.

"Ni sawa," akasema. "Hivyo ndivyo nilikufunza."

Akaniambia ninywe chai kabla ya kuondoka. Nikanywa. Ilikuwa na maziwa mengi. Nikakunja kitambaa, nikarudisha kopo na chupa mkobani.

Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Baraza lilikuwa bado linajadili maneno yake niliyowapelekea, na tulikuwa tumeahirisha uamuzi mpaka mkutano ujao. Mchungaji yule kijana alienda kuomba kaburini kwa jina lake mwenyewe, bila joho. Shimo lilichimbwa na watoto wa Kalekye, kando ya kaburi la mume wake, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuwaambia hawana haki ya kuchimba. Nilisimama pale na wengine. Leo ningempa mkate huo bila karatasi yoyote, na ningempa na Kalekye. Nimelisema hilo mbele ya baraza, tena zaidi ya mara moja, lakini nimelisema nikiwa nimechelewa.

Siku ile ya chai, Kalekye alinisindikiza mpaka kwenye njia, kama mgeni anavyosindikizwa. Alitembea nyuma yangu, mikono yake bado ina mafuta. Nikajaribu kumwambia kwamba nitalizungumza barazani, nitawaeleza. Hakuwa ananisikiliza.

"Hiyo maneno ya mtoni," akasema, "hajawahi kuniambia. Hata siku moja. Mimi miaka yote nilikuwa najua alinichukua kwa sababu hakuzaa."

Nikahamisha mkoba bega la pili.

"Kumbe alikuwa ananiomba msamaha," akasema.

Kisha akaniaga, akarudi haraka, kwa sababu alikuwa ameacha uji wa Mwalimu motoni.